Mkataba ukikwama mezani: kwa ndugu zangu mnaobeba mizigo viwanja vya ndege Marekani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kigoma, mwenye miezi mitano tu kazini, alinikuta chumba cha mapumziko navua glavu. Hata salamu haikukamilika. "Kaka, mgomo ni lini? Nimeshawaambia nyumbani wasitegemee hela ya Desemba." Alikuwa ameona kwenye simu kwamba wanachama wameidhinisha mgomo kwa kura nyingi, akajua kesho au keshokutwa tutakuwa nje na mabango. Nikamwambia avute kiti. Tuliongea mpaka ndege ya saa mbili usiku ikaingia, tukainuka kwenda kushusha mizigo, nami sijafika hata nusu. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia pamoja na yale ambayo muda haukutosha.

Napakia na kushusha mizigo ya ndege hapa Texas, huu ni mwaka wa tisa. Kampuni siitaji wala chama changu sikitaji, maana mazungumzo mapya yako mezani na kazi bado naihitaji. Mkataba uliopita niliupitia kuanzia barua ya kwanza hadi kura ya mwisho: miaka mitatu na miezi saba. Nilifanya makosa mawili yaliyoniumiza, na nisingependa mtu aliyetoka Kasulu, Uvira au Mombasa ayarudie kwa kukosa wa kumwambia.

Ndugu zetu walio kwenye maghala na viwanda vya nyama wana sheria yao. Sisi wa ndege tuko chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, ambayo mwaka 1936 iliongezwa ikashika na mashirika ya ndege. Iliandikwa ili treni zisisimame. Ukiisoma kwa jicho hilo utaona kwamba huku kukwama kumepangwa: kila hatua imewekwa pale ili mgomo uchelewe, na ikiwezekana usitokee kabisa. Mimi mwanzoni sikulijua hilo. Kila mwezi uliopita bila habari nilidhani viongozi wetu wamelala au wamenunuliwa, nikawasema vibaya mbele za watu. Kumbe mikono yao ilikuwa imefungwa na sheria, na baadaye nilimfuata mmoja wao nikamwomba radhi.

Mkataba wetu haufi. Ile tarehe iliyoandikwa kurasa za mwisho ni ya kuufungua ili urekebishwe. Ikipita, ya zamani yote yanaendelea: kiwango cha mshahara, bima, kuchagua zamu kwa ukongwe, haki ya kupeleka lalamiko. Kampuni hairuhusiwi kukupunguzia, nawe huruhusiwi kugoma. Hapo mwajiri hana haraka. Kodi ya nyumba inapanda, chakula kinapanda, yeye anakulipa kwa jedwali lilelile la zamani. Lakini kama una mgonjwa nyumbani, ujue kwamba bima yako haiguswi mazungumzo yanapoendelea. Mama mmoja wa zamu yetu aliahirisha upasuaji wa goti karibu mwaka mzima akiogopa kwamba mkataba "umekwisha". Haukuwa umekwisha, na aliteseka bure.

Pande mbili zikishindwana, yeyote anaweza kuiomba Bodi ya Taifa ya Usuluhishi iingie kati. Ni taasisi ya serikali ya shirikisho iliyoundwa mwaka 1934, yenye wajumbe watatu wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Hapa ndipo sisi Watanzania tunapoteleza. Nyumbani shauri likifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, sheria inampa msuluhishi siku 30, zikiisha bila muafaka unasonga mbele. Nami nikakaa nahesabu siku 30. Zikapita, zikapita 30 nyingine. Usuluhishi wa mashirika ya ndege hapa hauna ukomo. Msuluhishi hawezi kumlazimisha mtu kusaini, ila kalenda ni yake. Kwetu aliwaita hotelini siku tatu, kisha hakuwaita tena mpaka wiki sita zikapita. Bodi ikiona pande ziko mbali mno, inaweza hata kusimamisha vikao kwa miezi.

Mlango unafunguka siku Bodi yenyewe inaporidhika kwamba maneno yameisha; ndiko tunakoita kuachiwa na Bodi. Hapo inazipa pande zote nafasi ya kupeleka mgogoro kwa mwamuzi ambaye neno lake ni la mwisho. Mmoja akikataa, zinaanza siku 30 za kutuliza hasira. Zikiisha ndipo kampuni inaweza kubadilisha masharti, na ndipo nanyi mnaweza kugoma. Hata hapo Rais anaweza kuunda bodi ya dharura mkasubiri siku nyingine 60, na Bunge likaingilia. Wafanyakazi wa reli, ambao sheria yao ni hiihii, yaliwakuta Desemba 2022: vyama 4 kati ya 12 vilikuwa vimeyakataa makubaliano kwa kura, Bunge likapitisha sheria ya kuwafunga nayo wote, Rais Biden akaisaini.

Kwa hiyo ile kura iliyomshtua kijana wa Kigoma ni ujumbe kwa kampuni na kwa Bodi kwamba wanachama wako nyuma ya viongozi wao. Ipige. Mimi niliipiga ndiyo na nitaipiga tena. Ila usiwaambie wa nyumbani wakaze mkanda kwa sababu yake.

Sasa kosa langu la kwanza, ambalo naomba ulisome mara mbili.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa pili wa mazungumzo. Wanaojua Texas wanajua zege la uwanja linavyowaka mwezi huo, hata soli ya buti unaihisi imelainika. Mtu akaanzisha maneno kwenye kundi letu la WhatsApp la zamu ya jioni: tusigome, tupunguze mwendo tu. Mabegi yabebwe moja moja, trekta liende polepole, ovataimu asichukue mtu. Nikajibu, "Tuko pamoja." Maneno mawili. Mgomo baridi kwetu ni kitu tunachokijua tangu shuleni, sikuona ubaya wake. Siku nne baadaye ndege tatu zikachelewa kwenye mageti yetu, na mtu akaipeleka picha ya ule ujumbe kwa wakubwa. Niliitwa ofisini, mwakilishi wa tawi kando yangu. Mimi nilipata onyo la maandishi lililokaa kwenye faili miezi 18. Aliyeanzisha alifukuzwa. Kitambulisho cha uwanja kikachukuliwa palepale, na bima ya watu sita nyumbani kwake ikaenda nayo. Mpaka leo nikikutana na mkewe kanisani nakosa la kusema.

Mwakilishi alinifafanulia tulipotoka mle ndani. Kabla Bodi haijawaachia, mgomo baridi mbele ya mahakama ni mgomo, na anayebanwa ni chama kizima. Februari 1999 marubani wengi wa American Airlines walisema wanaumwa kwa wakati mmoja. Jaji wa shirikisho huko Dallas akaamuru warudi kazini, na kwa kutotii amri ile chama chao kikatozwa zaidi ya dola milioni 45. Hebu fikiria ada zetu za kila mwezi zikiishia hapo kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Sisemi ukae kimya. Fanya kazi kwa usalama kama kitabu kinavyotaka, lakini iwe siku zote: begi lililozidi kilo 23, lenye alama ya uzito, mwite mwenzako mlibebe wawili, mazungumzo yawepo au yasiwepo. Vaa beji ya chama. Chama kikiitisha watu kusimama na mabango nje ya jengo la abiria siku zao za mapumziko, nenda. Kuwaeleza abiria madai yetu namna hiyo si kugoma. Nimeshiriki mara mbili, mara ya pili nikiwa na mke wangu na watoto, na abiria wengi walisimama kutusikiliza kuliko nilivyotarajia.

Kosa la pili ni la pesa. Watu walisema mkataba ukisainiwa tutalipwa malimbikizo yote tangu siku ulipofunguliwa. Nikapiga hesabu kwa kalamu, nikapata kama dola 9,000. Kwa hesabu hiyo nikachukua gari la mkopo, na nikamuahidi mama Tanga kwamba namalizia nyumba yake: bati, milango, na kisima. Malimbikizo hayaji yenyewe. Ni kipengele kinachobishaniwa mezani kama vingine, na kinaweza kukatwa usiku wa mwisho ili kipatikane kingine. Sisi tulipata malipo ya mara moja yaliyokokotolewa kwa saa za kazi, na mwaka wa kwanza haukuhesabiwa kabisa. Baada ya kodi nilibaki na dola 3,200. Gari lilizimeza. Mama alipitisha mvua za vuli na turubai juu ya jiko lake, na kwenye simu hakulalamika hata siku moja, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Hivyo ishi kwa mshahara ulio mkononi. Weka pembeni chochote kila siku ya malipo, hata dola 20, ukilenga gharama za miezi mitatu, kwa sababu siku Bodi ikiwaachia hutakuwa na muda wa kuanza kuweka akiba. Muulize mwakilishi sasa hivi posho ya mgomo ni kiasi gani na inaanza wiki ya ngapi, utaona hailingani na mshahara. Na wale tulioipenda kazi hii kwa ajili ya tiketi za wafanyakazi, tusipange harusi wala arobaini ya mtu nyumbani kwa tiketi hizo ndani ya zile siku 30. Mgomo ukianza kampuni inaweza kuzifunga ukiwa bado uko Dar.

Na mgomo wenyewe tusiupambe. Machi 1989 mafundi na wabeba mizigo wa shirika la ndege la Eastern waligoma baada ya Bodi kuwaachia, na Rais Bush alikuwa amekataa kuunda bodi ya dharura. Shirika halikupona, na Januari 1991 likafungwa. Agosti 2005 mafundi wa shirika la ndege la Northwest waligoma, kampuni ikaweka watu wengine, ndege zikaendelea kuruka. Sheria inairuhusu kufanya hivyo.

Kuhusu uvumi nitasema kwa kifupi. Yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni siri, ndiyo maana taarifa za chama huwa fupi na kavu. Nafasi hiyo hujazwa na wale wenye "mtu wao makao makuu". Mimi husoma tangazo lenye jina la kamati ya mazungumzo, mengine nayaacha yapite.

Rasimu ya makubaliano ikitoka, hapo ndipo nguvu yako yote ilipo. Usisome ukurasa wa nyongeza ya mshahara peke yake. Tafuta mchango wako wa bima utapanda kiasi gani. Tafuta kipengele cha kazi kupewa makandarasi, hasa kama uko kituo kidogo. Kwetu kiliwekwa kima cha chini cha ndege kwa siku, na kituo kikishuka chini yake kampuni inaruhusiwa kukikabidhi kwa wengine. Nyongeza ya dola tatu haimsaidii mtu ambaye kituo chake kimetolewa.

Tulipopata rasimu ya kwanza tulikusanyika Jumapili tatu nyumbani kwangu, Watanzania, Wakenya, mama mmoja wa Bukavu na mzee wa Bujumbura anayeita chama "sendika". Tulikuwa na chai na mandazi, kurasa zimetandazwa mezani, tunazigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Yule mzee, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kusema neno mkutanoni, ndiye aliyegundua kwamba jedwali jipya linawachelewesha walioajiriwa karibuni kufika kiwango cha juu. "Wanawalipa wazee kwa hela za vijana," alisema. Aliikataa ile rasimu ingawa yeye angenufaika nayo. Ilianguka nchi nzima, na ya pili ikaja jedwali likiwa limerekebishwa. Wapo waliotutisha kwamba kukataa ni kuharibu kila kitu. Mwaka 1966 wanachama 35,000 wa chama cha mafundi waligoma siku 43 kwenye mashirika matano. Katikati yake Rais Johnson alitangaza muafaka Ikulu, wao wakaukataa kwa kura, na wakasaini mwingine baadaye.

Lakini upate kura. Kwanza uwe mwanachama aliyelipa ada. Kuna wanaodhani kwa kuwa tuko Texas ada ni hiari, ila kwenye ndege sheria ya jimbo haitufikii, mkataba ndio unaosema. Pili, anwani yako. Watu wetu tunahama nyumba kila mkataba wa pango ukiisha, tukimfuata ndugu au kodi nafuu. Yule mama wa Bukavu, aliyekaa nasi Jumapili zote tatu na kuielewa rasimu kuliko wengi, hakupiga kura. Bahasha ilikwenda kwenye nyumba aliyohama Machi, na barua pepe waliyokuwa nayo chama ilikuwa ya mtoto wake aliyekwisha kwenda chuo. Alinifuata geti namba 14 siku ya matokeo akaniuliza kama kuna namna bado. Haikuwepo. Sasa kila mtu mpya ninayempokea zamu ya jioni, kabla hata sijamwonyesha jinsi ya kupanga mizigo tumboni mwa ndege, tunakaa na simu yake na kuihakikisha anwani aliyonayo katibu wa tawi.