Usianzie kwenye piramidi, anzia jaani

Msimu wangu wa kwanza wa kuchimba mabaki ya kale kule Belize, Amerika ya Kati, nusura nipoteze ushahidi. Nilikuwa nachekecha udongo wa jaa lililokuwa nyuma ya nyumba ya Wamaya wa kale, wenyeji wa huko waliojenga piramidi, kikabaki kipande cheusi chembamba, sawa na ukucha wa kidole gumba. Chupa hii, nikasema, nikakirusha kichakani. Msimamizi aliniona. Hakunigombeza, aliniambia tu nikakitafute. Nilipekua majani kwenye jua la saa saba hadi kikanikata kidole, ndipo nikajua nimekipata.

Kilikuwa kipande cha wembe wa obsidiani, kioo cha volkano. Belize haina chimbuko hata moja la jiwe hilo. Wembe ule ulitoka nyanda za juu, Guatemala, ukabebwa migongoni na kwenye mitumbwi, maana Wamaya hawakuwa na punda, ukaishia jaani kwa mkulima asiye na cheo.

Kwa hiyo kijana akiniuliza aanze wapi kuwachunguza Wamaya, namwambia aache kupiga picha piramidi, aende kwenye takataka za nyumba. Kipande cha obsidiani kiinue kwenye mwanga. Kijivu mara nyingi ni cha Guatemala. Ukiona ukijani wenye dhahabu kwa mbali, hicho ni cha Pachuca, Mexico ya kati. Ila jicho hudanganya. Mashine ya eksirei ndiyo inayopima elementi, na kila chimbuko lina mchanganyiko wake. Tena usikisugue kwa brashi wala kukichanganya na vigae vya vyungu mfuko mmoja: makali yake yana alama za kazi iliyofanywa, na ukiyavunja umezifuta.

Ukipata nauli, fika Joya de Cerén, El Salvador. Volkano ya Loma Caldera ilikizika kijiji hicho kwa majivu zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, na tingatinga likakifumua mwaka 1976. Nyumba zake ni za fito na udongo, na nyembe za obsidiani zilikuwa zimechomekwa kwenye nyasi za paa, mahali mkono wa mtoto haufiki. Bibi yangu naye alificha wembe wake kwenye nyasi za paa.

Tangu nijue hilo, nikiokota wembe juu ya sakafu siandiki haraka kwamba hapo ndipo walipokatia nyama. Kwanza naangalia kama chini yake kuna mabaki ya paa, kwani huenda uliporomoka nalo.