Kufunga AP kwenye nyumba ya mawe: yalonikuta Mji Mkongwe

Kaka wa Mombasa, nimekusoma. Una nyumba ya wageni Mji wa Kale, vyumba 8, chini na ghorofa mbili, rauta ya faiba iko mapokezi, wageni wa juu hawapati kitu, ushanunua AP mbili (vile viboksi vya kurusha waifai vinavyoungwa na rauta kwa waya) na unauliza uzifunge wapi, uziseti vipi, na kama uongeze ya tatu. Ntakujibu kirefu manake kazi hii nshaifanya Unguja, nyumba ya mama mdogo pale Mji Mkongwe, na nlikosea karibu kila mahala pa kukosea.

Ugomvi wako ni na ukuta, rauta muache. Nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mmoja unafika nusu mita na kuzidi, sakafu ya juu nayo ni boriti zimepangwa afu mawe na chokaa juu yake. Mama mdogo alikuwa kashabadilisha rauta mara mbili, kila muuzaji anamwambia hii ina antena sita mama hii inafika mpaka darini, wapi! Ukifunga mlango wa chumba cha kwanza tu simu inashuka kutoka vipau vinne mpaka kimoja. Na antena ziwe sita ziwe kumi, simu ya mgeni ina kiantena chake kidogo na yenyewe lazima ijibu, rauta inaweza kupiga kelele ikasikika lakini haisikii jibu.

Mie nkaanza na ekstenda, zile za kuchomeka ukutani. Usinunue. Nyingi zinapokea na kurusha kwa redio hiyohiyo moja kwa hivyo spidi inakatika nusu, na ukiiweka pahala ambapo mawimbi yashachoka yenyewe inagawa uchovu tu.

Baada ya hapo nkajifanya mjanja, nkachukua rauta kuukuu ilokuwa kabatini nkaipandisha juu nkaiunga kwa waya, nkachomeka LAN kwa LAN, yale matundu ya mtandao wa ndani, nkaondoka zangu. Siku mbili nusu ya wageni wana neti nusu hawana, na wanabadilishana! Aliyekuwa nayo asubuhi jioni hana. Tatizo ni kwamba rauta mbili zote zilikuwa zinagawa IP, ile anwani ya kila simu kwenye mtandao, yaani DHCP, kile kigawa anwani, imewashwa huku na huku, simu ikipewa anwani na ile kuukuu inaelekezwa mlango usio na njia ya kutokea. Ukitaka kutumia rauta ya zamani kama AP inawezekana kabisa, ila ipe kwanza anwani isiyogongana, kama kubwa ni 192.168.1.1 hii iite 192.168.1.2, uzime DHCP yake, afu waya uchomeke tundu la LAN, lile la WAN, la kuingizia intaneti, uliwache wazi. Wewe una AP halisi, hiyo shida huna, yenyewe haigawi IP ikiwa kwenye modi ya AP. Hakikisha tu ni modi hiyo, nyingine zina modi tatu nne ndani na ikija imewekwa rauta yatakukuta yaleyale.

Sasa waya, na hapa ndo kazi yote ilipo, kuseti ni robo saa. Nyumba za kwetu nje huwezi kutoboa ovyo, Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na kuna mamlaka inayosimamia, huko kwenu pia ulizia kabla hujatia drili ukuta wa barabarani. Lakini nyumba ya mama mdogo ina ua katikati, ule wazi mpaka juu na vyumba vimeuzunguka, na ua huo ndo ulioniokoa. Waya ulipanda pembeni ya bomba la maji ya mvua ndani ya paipu ya umeme, sikutoboa ukuta hata mmoja mnene, nkaingia kwenye baraza ya kila ghorofa. Kama nyumba yako ina ua au hata ngazi ya wazi, pitia hapo. Na mawimbi pia yanapita hapo, AP ilokaa barazani inaangalia milango na madirisha ya vyumba, na mlango wa mbao unapitisha kuliko jiwe.

Waya wa mtandao nunua Cat5e au Cat6 (ndo madaraja yake) ya shaba tupu. Mie nlinunua wa bei poa, ukawaka vizuri mchana, usiku wageni wakijaa AP inazima na kuwaka yenyewe. Kumbe ndani ni alumini imepakwa shaba, umeme wa kuendesha AP unapita kwenye waya huohuo, alumini inaukaba, AP ikitaka nguvu zaidi haipati. Kujua ni rahisi, kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani rudisha dukani. Kwa viwango vyake waya unaenda mita 100, nyumba yako haifiki hata 40 kwa hivyo usiwaze umbali. Kubana vichwa fuata mpango mmoja wa rangi za nyuzi pande zote: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi akikwambia nyuzi nne zinatosha, zinatosha kwa 100Mbps tu, gigabiti inataka zote nane.

Na angalia kibandiko nyuma ya AP kabla hujachomeka umeme wowote!! Kuna zinazotaka PoE (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao) ya kawaida, 802.3af, hiyo inakwenda karibu 48V na swichi, kile kiboksi cha kugawa waya, inauliza kwanza ndo inatoa. Na kuna za 24V ambazo kiboksi chake kinasukuma umeme bila kuuliza, ndo wanaiita pasivu. Ukichanganya inaweza kukufia mkononi. Tumia kiboksi kilichokuja nayo basi.

Mahala pa kufunga: moja ghorofa ya kwanza, moja ya pili, darini katikati ya baraza, lakini zisikae moja juu ya nyingine, vuta moja kushoto moja kulia. Mbali na friji, tangi la maji na vioo vikubwa. Mama mdogo alitaka niifiche ndani ya mtoto wa meza eti inaharibu sura ya nyumba, tulibishana nusu saa, tukamalizia kuipaka rangi ya chokaa kile kifuniko cha plastiki, rangi ya maji haina chuma, haina neno.

Setingi sasa. Jina la waifai na paswedi iwe moja kwa zote, simu itahama yenyewe mgeni akipanda ngazi. Kwenye 2.4GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 tu, rauta ya chini 1, AP moja 6, nyingine 11, upana 20MHz, ukiweka 40 unajipigia kelele mwenyewe na majirani juu. 5GHz iwache 36 mpaka 48. Nguvu ya kurusha shusha iwe ya kati, ikiwa juu kabisa simu inang'ang'ania AP ya chini wakati mgeni keshafika ghorofa ya pili, mie hili lilinisumbua wiki. Ulinzi wa paswedi weka WPA2 au WPA3, WPS (ile ya kuunga kwa kubonyeza kitufe au kwa PIN) zima, paswedi ya kuingilia AP badilisha siku hiyohiyo, na wageni watenge na kompyuta ya mapokezi. Kingine watu hawakigusi, muda wa DHCP kwenye rauta kubwa huwa saa 24, nyumba ya wageni watu wanaingia na kutoka na kila mmoja ana simu na laptopu, anwani zinaisha. Weka saa 2.

Chumvi ya bahari nayo inakula vile vichwa vya waya, usiviwache wazi upande wa pwani, mie kimoja kilitoa kutu ya kijani kabla mwaka haujaisha.

AP ya tatu usinunue bado. Funga hizo mbili, pakua programu ya kupimia waifai kwenye simu ya Android, ingia kila chumba ufunge mlango ukae kitandani sio mlangoni, usome namba ya nguvu ya mawimbi, ile ya dBm. Ikiwa -67 au karibu na sifuri zaidi ya hapo hata simu ya video inakwenda, ikifika -80 hapo hapafai. Kama ni chumba kimoja tu cha pembeni kinachogoma, jaribu kwanza kusogeza AP mita mbili tatu kuelekea mlango wake, kwa mama mdogo chumba cha mwisho kilitoka -81 kikaja -66 kwa kusogeza tu. Vikigoma viwili au zaidi ndo urudi dukani.