Kwa nini mwili wa Obi-Wan ulitoweka na wa Qui-Gon ukabaki

Mkuu, umeuliza kwa nini mwili wa mpiganaji mzee Obi-Wan ulitoweka alipopigwa na adui yake Vader katika filamu ya Star Wars ya 1977, ilhali mwalimu wake Qui-Gon alichomwa moto kule kwenye sayari ya Naboo kama maiti nyingine yoyote. Qui-Gon aliuawa kabla hajaikamilisha elimu ya kuendelea kuwepo baada ya kifo, ile inayoufanya mwili utoweke. Sikiliza vizuri mwisho wa filamu ya 2005 ya mfululizo huo: Yoda, mwalimu mkongwe, anamwambia Obi-Wan kwamba Qui-Gon amepata njia ya kurudi kutoka kuzimu, na kwamba yeye Yoda atamfundisha Obi-Wan namna ya kuzungumza na Qui-Gon. Obi-Wan akakaa jangwani kwenye sayari ya Tatooine miaka 19 hivi, akimlinda kwa mbali Luke, mtoto wa Vader. Kwa hiyo alipoinua upanga wake na kuacha apigwe, alijua anakokwenda. Hapo machozi hunitoka kila ninapoitazama. Yoda naye alitowekea kitandani, filamu ya 1983.