Maswali ya Wasomaji: Mbegu za Porini Zinazogoma Kuota

Nilisia mbegu 40 za mbuyu mwezi wa tatu na kumwagilia kila jioni. Mpaka leo zimeota 2 tu. Nyingine zilitoka kwenye ubuyu wa rangi wa watoto, nyingine nilipasua mabuyu mwenyewe. Nimekosea wapi?
*Mama wa watatu, Kongwa*

Mama, za ubuyu wa rangi zisahau. Ubuyu ule hupikwa kwenye sukari inayochemka, kwa hiyo usizitegemee. Zile ulizopasua mwenyewe huenda bado ni nzima, ila zimejifunga. Ganda la mbegu ya mbuyu halipitishi maji. Huku kwetu mvua ya kwanza ya Novemba mara nyingi hufuatwa na majuma ya jua kali, na mbegu inayoamka kwa manyunyu yale ingekauka. Kwa hiyo ile isiyoandaliwa inaweza kukaa ardhini miezi, hata miaka. Fukua, bonyeza moja moja: laini zinazotoa maji tupa, ngumu zioshe uanze nazo upya.

Mbegu ina umbo la figo. Upande uliobonyea ndiko mzizi unakotokea, usiuguse. Sugua mgongo wake kwa msasa, au kwenye sakafu ya saruji, mpaka weupe uonekane kidogo chini ya ganda jeusi, kisha acha hapo hapo. Weupe ule ni chakula cha mche, na ukiukwaruza unafungulia njia ukungu. Loweka saa 24 kwenye maji ya kawaida. Asubuhi zitazame: iliyokunywa maji imevimba wazi wazi na ganda limelainika hata ukucha unazama. Iliyobaki ndogo na ngumu kama kokoto irudi kwenye msasa.

Zikiwa nyingi, chemsha maji, ipua, yakiacha kutokota yamimine juu ya mbegu, ujazo wake mara tano. Yapoe yenyewe mpaka kesho yake. Sufuria yenye mbegu isirudi motoni kamwe.

Sia kina cha sentimita 2 katika viriba (mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche) vya urefu wa sentimita 25 au zaidi, kwa sababu mzizi wa mbuyu hushuka haraka na kiriba kifupi huupinda. Udongo mwekundu wa juu madebe 2, mchanga wa mtoni debe 1, samadi iliyooza debe 1. Udongo wa mbuga usitie, unatuamisha maji. Tazamia kuota kati ya wiki ya kwanza na ya tatu.

Maji ya moto yanafaa kwa kila mbegu ya porini? Mpingo wangu wote umeoza.
*Kijana wa kitalu, Kondoa*

Hapana, kijana wetu, na mpingo ndio mfano mzuri. Ganda lake ni jembamba, maji ya moto yaliupika. Loweka kwenye maji baridi saa 24, sia kina cha sentimita 1, utaota ndani ya wiki 2 au 3.

Maji ya moto ziachie mbegu zenye maganda magumu, kama za mgunga na ukwaju. Mbegu za mgunga zikague kwanza: yenye kitundu cha duara, mdudu amekula ndani akatoka. Zimwage kwenye ndoo ya maji, zinazoelea ziondoe.

Mbegu za waridi la jangwani zinaota siku ya tano, halafu miche inalala chini, shina limekuwa jembamba karibu na udongo. Dawa gani?
*Msomaji, Chamwino*

Hicho ni kinyaushi, ugonjwa wa ukungu unaotoka udongoni, na mche ulioanguka hauponi. Kazi iko kwenye udongo kabla ya kusia. Chekecha mchanga wa mtoni, ukaange kwenye karai nusu saa, upoe kabisa. Funika mbegu kwa mchanga wa nusu sentimita tu. Weka chombo chenye matundu juu ya sahani ya maji, mchanga unyonye toka chini. Uso ukilowa, kiondoe. Fanya hivyo asubuhi, si jioni, na usikifunike kwa nailoni baada ya miche kutokeza. Ukiona utando mweupe juu ya mchanga, huenda maji ya kisima chako yana chumvi; tumia ya mvua.

Mbegu hizi hazitunziki kama za mbuyu, zisie zikiwa mpya. Ganda la tunda likianza kugeuka kahawia lifunge kwa uzi, maana likipasuka upepo unazibeba zote. Utomvu wake ni sumu iliyopakwa mishale na wawindaji, kwa hiyo nawa mikono vizuri na watoto wasichezee majani.

Nisie mwezi gani?
*Msomaji, Bahi*

Septemba. Juni na Julai usiku ni baridi, mbegu zinachelewa na kuoza. Miche itoke kwenye viriba Desemba au Januari, udongo ukishalowa kina cha sentimita 30. Chimba ukague kwanza.