Ofa ya mdomo bado si skolashipu

Hongera dada, ila usichinje mbuzi bado. Umeuliza kama ofa ya futiboli ambayo kocha wa chuo cha Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo Marekani, alimpa kijana wako kwa simu inamfunga kocha huyo. Haimfungi. Kocha akihamia chuo kingine, au akipata mchezaji anayemfaa zaidi kwa nafasi hiyohiyo, simu inanyamaza. Shika mkataba wa ufadhili wenye saini. Ile barua maarufu ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024, kwa hiyo anayekutajia hiyo muulize yuko mwaka gani.

Mimi ningehangaika na darasa kwanza. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inataka masomo 16 ya msingi, wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4, na masomo 10 kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari. Watoto wetu waliohamia Marekani wakiwa wakubwa hukwama hapo: vyeti vya nyumbani havijatafsiriwa, na madarasa ya Kiingereza cha wageni mara nyingi hayahesabiwi. Nenda kwa mshauri wa shule wiki hii, omba orodha ya masomo yanayotambuliwa, tia tiki somo moja moja huku ripoti ya kijana iko mezani.