Ritalin na kumbukumbu: dozi ikizidi inaharibu

Mkuu umeuliza kama ukimeza vidonge viwili vya Ritalin, dawa ya tatizo la umakini, utasoma vizuri zaidi. Hapana, kumeza viwili badala ya kimoja hakuongezi akili. Ritalin hupandisha dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli, sehemu ya mbele ya ubongo. Kwa kima wa maabara dozi ndogo ilisaidia kumbukumbu ya muda mfupi, kubwa ikaivuruga. Kwenye jaribio kima anaona chakula kikifichwa kwenye kishimo kimoja kati ya viwili, pazia linashushwa sekunde chache, kisha achague. Seli za ubongo zinazopaswa kuendelea kufanya kazi pazia likiwa chini ndizo zinazozimika dopamini ikizidi. Nipo famasi Upanga, kila UE (mitihani ya chuo) ikikaribia naulizwa hili. Mwenye tatizo la umakini aliyeandikiwa na daktari ni habari nyingine, asiache dawa kwa komenti yangu.