Futa hiyo "as dynamic" kabla hujapakia programu

Ssebo, simama hapo hapo. Umeuliza kuhusu kosa la namba ya simu kwenye programu ya SACCO unayoiandika kwa Flutter (lugha ya Dart), inayosoma data kutoka hifadhidata ya Firestore, halafu ukaandika kwamba kosa "limeisha" baada ya kuweka `as dynamic`, yaani kuiambia Dart isikague aina ya data. Halijaisha. Umelizima lisionekane kwako, litamlipukia mwanachama wa SACCO akiwa na bodaboda yake stejini Jinja.

Uliandika `doc.data()['simu']`, kompaila (inayotafsiri na kukagua msimbo) ikakataa kwa sababu data inaweza kuwa null, yaani haipo. Ukaongeza `!` ya kudai kwamba si null, ikakataa tena: `Object`, aina ya jumla isiyosema ndani kuna nini, haina alama ya `[]`. Hapo ndipo mwalimu mmoja wa video za mafunzo anapokuja na kiraka chake cha dynamic. Nimelipia ushauri huo na bado unanichoma! Msimbo wake ni wa kabla ya cloud_firestore (kifurushi cha kuunganisha Flutter na Firestore) toleo 2.0.0 la mwaka 2021, na badala ya kurekodi upya anawabandikia wanaoanza kiraka kwenye maoni.

Ukiweka dynamic, kompaila inaacha kukagua. Mhazini aliyeingiza wanachama kwa mkono kwenye konsoli (ukurasa wa wavuti wa kuhariri data ya Firestore) akichagua aina ya namba, 0772 yake inahifadhiwa kuanzia 772, sifuri imepotea, na inarudi kama int, namba kamili. Waliojisajili kwenye programu wana maandishi. Wa zamani hawana sehemu ya `simu` kabisa. Sasa mstari wako `String simu = d['simu'];` (`d` ni ile data, `String` ni maandishi) unafanya kazi kwa kundi moja tu. Wewe ukijaribu unaona skrini nyekundu yenye maelezo; kwenye toleo la kupakia, mwanachama anaona kijivu kitupu na anadhani akiba yake imepotea.

Chanzo ni ile sehemu ya Flutter inayochora skrini upya data inapobadilika, `StreamBuilder<DocumentSnapshot>` uliyoiacha bila aina ya ndani, ndiyo maana unapata `Object?`. Andika `StreamBuilder<DocumentSnapshot<Map<String, dynamic>>>`, nayo `data()` itakupa `Map<String, dynamic>?`. Ikiwa null, hati (rekodi ya mwanachama kwenye Firestore) haipo: onyesha ukurasa wa kujisajili, usilazimishe kwa `!`.

Kisha data ya mtumiaji iingie kwa mlango mmoja: klasi `Mtumiaji` yenye factory (kiundaji) inayopokea ile Map, `d`, na kutengeneza mtumiaji. Mabano ya mraba yaishie humo, skrini zisiyaguse kamwe. Ndani yake:

`simu = d['simu']?.toString() ?? '';`
`final n = d['salio'] as num?;`
`salio = n?.toDouble() ?? 0;`

Salio usilisome moja kwa moja kama double, namba ya desimali. Shilingi 5000 iliyoandikwa kwenye konsoli inarudi int, na Dart haiigeuzi yenyewe.

toString inazuia programu kuanguka, lakini hairudishi sifuri. Kwa hiyo leo, kabla ya kupakia, fungua konsoli upitie hati za wale walioingizwa na mhazini. Kila `simu` iliyo namba ibadilishe iwe maandishi yanayoanza na +256.